Nyati Wanane wa Mama Nafula

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, katika ukumbi wa kanisa kule Kangemi. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili, na nikijitolea kuwafundisha watu wazima Kiingereza. Mama Nafula, aliyeishi kwa kuwafulia watu nguo, alifika mapema. Jumatatu alikuwa ahojiwe katika nyumba moja ya mtaa wa Mountain View, kwa kazi ya kumtunza bibi mgonjwa. Kazi ya kudumu, si ya kuamka bila kujua kama utaitwa.

"Mwalimu," akaniambia, "nataka tu kusema nishawahi kuuguza mtu."

Nikamwambia asubiri. Nilikuwa na sentensi niliyoipenda, naona aibu kusema, kuliko wanafunzi wangu: neno moja, bafalo, likirudiwa mara nane. Kwa Kiingereza neno hilo ni nyati, ni mji wa Marekani, tena ni kitenzi chenye maana ya kutisha. Kwa hiyo sentensi ni kamili: nyati wa mji huo wanaotishwa na wenzao huwatisha wenzao. Nikaichambua ubaoni kwa mishale mpaka kipindi kikaisha. Nikamaliza kwa kujigamba kwamba anayeiweza hiyo, hakuna Kiingereza kitakachomshinda.

Mama Nafula aliniamini.

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza mahojiano yalikwendaje.

"Waliniambia niongee Kiingereza, nikawapa ile yako. Bafalo nane, sikukosa hata moja! Walicheka mpaka mmoja akashika meza."

Darasa likaangua kicheko. Hata yeye alitabasamu. Kisha akasema polepole, "Lakini mwalimu, mimi nilimuuguza mama yangu miaka minne, akafia mikononi mwangu. Hiyo ndiyo nilitaka unifundishe. Kwani ilikuwa ngumu?"

Haikuwa ngumu. Niliiandika ubaoni siku hiyohiyo, naye akainakili kwa utulivu. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupata mtu mwingine.

Nimejihoji mara nyingi. Sentensi yangu ni sahihi, na ningeweza kuitetea mbele ya maprofesa wowote. Mbele yake sikuweza.

Wewe sasa unaanza kufundisha, mwanangu. Mtu akikujia na haja yake, mpe hiyo kwanza, hata ikiwa ndogo machoni pako. Ujuzi wako utakusubiri. Jumatatu yake haisubiri. Mungu akujalie sikio la kusikia ombi dogo, na akuletee wanafunzi wenye ujasiri wa kukuuliza kama lilikuwa gumu.