Dhambi ya Mama Mkwe

Mimi sikuwa na dhambi ya maana. Sisemi hivi kwa kujisifu, maana katika huduma yetu ile kukosa dhambi kulikuwa umaskini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa kule Mabawe, na nilijua kusali kabla sijajua kusonga ugali. Nilipoolewa Bisibo nikajiunga na kikundi cha ndugu waliookoka, na kila Jumamosi mtu alisimama akaeleza mbele ya wote Mungu alimtoa wapi. Wenzangu walitolewa mbali. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipika pombe ya ndizi na kumpiga mumewe kwa mchi. Akisimama huyo, watu hukaa wima. Mimi nikisimama nasema nilikuwa na kiburi. Waliniitikia "amina" kwa unyonge, kama watu wanaoitikia hodi ya mgeni waliyemchoka.

Nilimwonea wivu yule mama wa mchi. Wivu nao ni dhambi, lakini hiyo haikunijia akilini kuisema.

Dhambi niliyoipata ilikuwa ya mtu mwingine. Mwaka ule tulikuwa tumeshahamishiwa katika kijiji kipya cha Bisibo, nyumba zimepangwa mistari, migomba yetu tumeiacha kule nyuma inajizalia na kuozea shambani. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, ila nyumbani njaa ilikuwepo. Mume wangu akaugua malaria, akawa hali kitu. Jioni moja mama mkwe wangu alirudi kutoka kupura maharage ya kijiji, akafungua pindo la khanga yake, akamwaga chunguni maharage yasiyozidi vikonzi vinne. Akaniambia, "Kula, mwanangu, wala usiulize." Nilikula. Mali ya kijiji siku zile haikuwa jambo la mchezo, na mama mkwe wangu hakuwa mwizi. Kwa wiki nzima alitembea ameinama.

Sasa Jumamosi moja zamu yangu ilifika, nikasimama, na badala ya kiburi changu cha kila siku nikasikia mdomo wangu unasema, "Niliiba maharage ya kijiji."

Haleluya zikapasuka. Wanawake walilia, yule mama wa mchi akanikumbatia mpaka kilemba kikanidondoka. Nakiri kwamba nilijisikia mtu. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imemfikia mwenyekiti wa kijiji, akanipa adhabu ya kupalilia siku tatu peke yangu kwenye shamba la pamoja. Siku ya pili mama mkwe alinifuata kule na ndizi za kupika, bado za moto. Alikaa pembeni yangu akasema, "Umenifunika, mwanangu. Na Mungu akufunike." Kumbe aliamini nimejitoa kwa ajili yake. Nilipaswa kumwambia kweli pale pale. Badala yake nikala ndizi.

Mwinjilisti wetu aliposikia, hakulala na ile habari. Nataka nimtendee haki: hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwema mwenye kiu ya kufikia watu, na alikuwa ameona jambo ambalo wengi hawakuliona. Zamani, alisema, ungetembea kutwa nzima kuhubiria nyumba tatu. Sasa serikali imewakusanya watu kijiji kizima mahali pamoja, na kilichobaki ni kuwaita tu. Alikuwa na kipaza sauti cha betri ya gari na lori la kuomba lifti. Kilichokuwa kimepungua ni ushuhuda wa kuwatoa watu majumbani. Akaandika kwa mkono wake, kwenye karatasi kubwa za manila: NJOO UMSIKIE MWANAMKE ALIYEIBA MALI YA UMMA AKAOKOKA. Karatasi moja aliibandika mlangoni pa ofisi ya kijiji, chini ya tangazo la mbolea.

Tukaanza kuzunguka. Kijiji cha Bukiriro walikuja wengi hata wakapanda juu ya miti ya mipaka. "Ongeza kidogo, dada," mwinjilisti aliniambia tukirudi, "ndoano tupu haivui." Nikaongeza. Vikonzi vinne vikawa debe, debe likawa gunia, na baada ya muda nikawa nalibeba gunia lile usiku wa mvua huku mlinzi akikoroma. Nilipofika Mabawe baba yangu alikaa mstari wa mbele. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akaniaga bila kunitazama machoni. Hapo ndipo nilipoanza kuona nimeingia mahali ambapo mlango wake unafunguliwa kwa nje.

Vita vikaja. Mume wangu, aliyekuwa mgambo, alichukuliwa na wenzake kwa lori, wakaenda kaskazini, na sisi tukabaki na redio ya mwenyekiti. Alirudi baadaye, mzima, ila siku zile tungejuaje? Mikutano ilijaa kuliko zamani, maana kila mama alikuwa na mtu wake huko. Walikuja kunishika mikono. Waliamini aliyesamehewa gunia zima hawezi kunyimwa kitu.

Mama mkwe wangu alianza kufunga. Alikuwa mtu wa kanisani, wa benchi la nyuma, wala si wa kikundi chetu. Asubuhi moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, wawili tu, akaniambia bila kuinua uso:

"Mwanangu, lile jambo la maharage, nirudishie."

Nikajifanya sielewi. "Jambo gani, mama?"

"Dhambi yangu. Nataka niipeleke kwa Mungu mwenyewe. Mtoto yuko vitani. Nikisali naona kama Mungu ananiuliza, na kila nikitaka kujibu, naona wewe umeshajibu."

"Si uiseme kimya kimya, mama? Humu ndani. Mungu anasikia."

"Mbona wewe hukuisema kimya kimya?"

Nikachukua hindi lingine. Akaendelea kupukuchua, kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeomba moto kwa jirani, "Nikisimama mimi kwanza, wewe utaonekana mwongo. Sitaki uaibike. Ndiyo maana naomba useme wewe, halafu mimi nifuate."

Nilimwahidi. Mkutano mkubwa uliofuata ulikuwa wa hapo hapo Bisibo. Nikamwambia, "Siku hiyo, mama." Akanishukuru! Afadhali angenipiga kwa mchi.

Nilijaribu kutafuta mlango mdogo kabla ya siku ile. Nilimwendea mwinjilisti, nikamkuta anasafisha nyaya za kipaza sauti. Nikamuuliza, mtu akishuhudia jambo, na jambo lenyewe halikuwa hasa vile, afanyeje. Alicheka kwa upole. "Shetani hamsumbui asiye na kazi," akasema. "Umefikisha watu wangapi kwa Bwana, dada yangu? Ukianguka wewe, na wao waangukie wapi?" Akarudi kwenye nyaya zake. Nilirudi nyumbani. Nilihesabu nyuso: kijana mmoja wa Bukiriro aliyeacha bangi baada ya kunisikia, wale mama wa askari, baba yangu aliyekwishaaibika bure. Wote walikuwa wamejenga juu ya maharage yale. Nikisema kweli nawabomolea. Nikinyamaza namfungia nje mwanamke aliyenilisha.

Siku ikafika. Mchana, uwanja wa mbele ya ofisi ya kijiji, wageni kutoka mjini Ngara wameshuka kwenye lori na vumbi lao, mwenyekiti ameletewa kiti. Mama mkwe wangu alikaa mkekani mstari wa mbele, amevaa khanga yake ya sikukuu. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeirudia tangu alfajiri: Maharage hayakuibwa na mimi, mimi niliiba ushuhuda.

Nikashika kipaza sauti. "Bwana asifiwe." Wakaitikia uwanja mzima. Nikaona lile tangazo la manila mlangoni, nikaona mikono ya wale mama imeshaanza kuinuka, na mdomo wangu ukashika njia yake wenyewe kama ng'ombe anayejua kisima kilipo. Niliwapa gunia. Niliwapa mvua, na mlinzi anayekoroma. Nilitoa ushuhuda mzuri kuliko wowote niliowahi kuutoa, na sikutazama mkekani hata mara moja.

Mwinjilisti akaita wanaotaka kutubu. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mkwe wangu. Alipiga magoti, taratibu, kwa sababu ya viungo vyake. Mwinjilisti akainama, akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Mama, leo unataka kuacha nini?"

"Niliiba maharage ya kijiji."

Sauti yake ilifika mpaka nyumba za mwisho. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko cha upendo tu, kama wanavyochekwa wazee. Hata mwenyekiti alicheka. Mwinjilisti akampigapiga begani. "Hiyo ni ya mkweo, mama, na yeye ameshasamehewa. Wewe sema ya kwako."

Akageuka kunitazama. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka alipokuwa. Hakunikazia macho, wala hakunilaumu; alinisubiri tu. Alinipa muda mrefu, hata watu wakaacha kucheka na kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi. Mimi nikarekebisha kilemba changu.

Akainamisha kichwa. "Basi," akasema, "nina hasira."

"Haleluya!" Wakamzunguka, wakamwekea mikono. Mwinjilisti akanivuta nami, kwa kuwa ndimi mkwe wake, akanipa kipaza sauti niongoze sala. Nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake, nikamwomba Mungu kwa sauti kubwa amwondolee hasira mama huyu, ambaye katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akimfokea hata kuku.