Posa ya Ijumaa ya Kwaresima

Watu huuliza kama Wakatoliki na walokole wanaweza kuweka tofauti zao kando. Kando wapi? Wakati ule nyumba yangu ya Al Twar, Dubai, ilikuwa na sebule moja, na sote tulikuwa tumekaa humo.

Mimi nilikomea darasa la tatu. Dubai nilianza kwa kubeba zege, nikaishia na magari yangu mawili ya kuhamisha samani. Kwa hiyo aliyetaka kumwoa binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe mpaka akapata kazi ya hoteli Al Rigga, alipaswa kujua anakuja kwa nani.

Aliyemtaka alikuwa mlinzi, Mganda, mlokole wa kupindukia. Sisi ni Wakatoliki tangu babu.

"Baba mdogo, nikimkosa huyu siolewi tena," binti akaniambia.

"Anasali kwa makelele."

"Na wewe unakoroma kwenye misa."

Nikakubali waje, kwa sharti la kwetu: mgeni wa posa asipokula chakula cha nyumba, hapewi mke. Khalas.

Siku ya mapumziko ilikuwa Ijumaa, hata misa ya Jumapili tuliisali Ijumaa, basi tukapanga Ijumaa. Hakuna aliyekumbuka Kwaresima mpaka pilau ya mbuzi ilipoiva, mke wangu akanitazama kama nimempika paroko.

"Nyama, leo?"

"Ya wageni hiyo. Walokole hawana Kwaresima. Sisi tutakula maharage."

Kijana akaja na mchungaji wake.

"Bwana asifiwe!" mchungaji akanguruma mlangoni.

"Milele amina," nikajibu, maana salamu za dini nina jibu moja tu.

Maongezi yakaenda vizuri. Pilau ilipoletwa, mchungaji akashika tumbo, akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mzee wangu, tumesikia leo mnafunga. Nasi kwa kuwaheshimu tumefunga. Kavu! Hata maji hatujagusa tangu jana."

"Nani kakwambia sisi tunafunga kavu? Leo tunaacha nyama, basi."

"Nyama tu?" Alishangaa kweli. "Sasa huko ni kufunga au kuchagua mboga?"

Nikapandwa na mori. Nikamwambia mfungo wetu ulikuwepo kabla kanisa lake halijanunua spika. Akasema mfungo wa kushiba hajawahi kuusikia. Kijana alilowa jasho chini ya kiyoyozi. Binti alisimama mlango wa jikoni, machozi yamemjaa.

"Fungua mfungo sasa hivi, ule," nikamwambia mchungaji.

"Nimemwahidi Bwana mpaka jua lizame."

"Na mimi nimesema asiyekula hapewi mke."

Hapo ndipo jirani yetu Mzanzibari alipobisha hodi, katoka msikitini, kafuata harufu kama kawaida yake.

"Mbona pilau imekaa peke yake kama yatima?" Akanawa, akaketi, akala. Sahani ya kwanza, ya pili. Ya tatu hakuomba, alivuta sinia.

Binti akafuta macho. "Baba mdogo, kwa sharti lako, basi anayenioa ndiye huyu?"

Jirani akasimamisha mfupa hewani. "Mie? Mwanangu, mke wangu yupo mlango wa pili hapo, na masikio anayo!"

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Mimi sikutaka, nikacheka vilevile. Nikasema basi, sharti sikuliwekea saa, wakae mpaka jua lizame.

Wakakaa. Tulibishana habari za Bikira Maria mchana kutwa, mpaka Mzanzibari, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi langu, akatuomba tupunguze sauti. Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana.

Adhana ya magharibi ilipolia, mchungaji akageukia sinia. Imebaki mifupa tu. Mke wangu akamwekea tulichokuwa nacho: maharage yetu ya Kwaresima na wali mweupe. Akala sahani mbili, kijana akala tatu bila kuinua kichwa.

"Mzee, yamezidi chumvi," mchungaji akasema, akipangusa mdomo.

"Kula, huko ndiko kufunga kwetu," nikamjibu. "Na binti mchukueni."