Chuo Ambacho Hakikuuliza Kitu

Siku ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ni ile niliyompokonya mama mmoja karatasi yangu dirishani pake, kule Butare, ambako nyinyi siku hizi mnapaita Huye, nikamgeuzia mgongo nikidhani nimeokoka. Umeniambia umepata nafasi ya kusoma famasia katika vyuo viwili na hujui ushike kipi. Basi keti nikueleze jinsi mimi nilivyochagua. Si mfano wa kufuata, nakuambia mapema usije ukanilaumu.

Kwanza ujue tulikuwa watu gani. Baba yangu, fundi cherehani, alizaliwa Bukavu, Kongo, kwa sababu babu alivuka mto Rusizi kutoka huku Rwanda akiwa kijana kutafuta maisha. Sisi tukavuka kurudi, tukapanga vyumba viwili hapa Kamembe, katika nchi ambayo kila mtu alituambia ni yetu nasi hatukujua hata soko lake liko wapi. Kule tulikuwa tukiitwa Wanyarwanda. Huku tukaitwa Wakongomani. Majirani walikuwa watu wema, sasa naweza kukiri, lakini wakati ule tulizipima hata salamu zao. Huyu mbona ametuuliza tulikotoka? Na yule mbona hakuuliza, ameambiwa na nani?

Baba alikuwa na sababu zake. Zamani, kwenye kizuizi kimoja cha barabarani huko Kongo, mtu mwenye sare alimwomba kitambulisho, akakichukua, akaingia nacho kibandani na kumwambia asubiri. Hakutokea tena. Baba alikisimulia kisa hicho kila tulipopata wageni, na siku zote alikimaliza vilevile: "Alisema, ngoja kidogo. Mpaka leo niko nangojea." Wageni walicheka, yeye hakucheka. Tangu hapo alishona mfuko wa ndani katika kila nguo ya nyumbani kwetu, hata sketi zangu za shule, na sheria ya nyumba ikawa hiyo: fotokopi mpe yeyote, karatasi yenyewe haitoki mkononi.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari Bukavu, na diploma yangu, yaani cheti cha kumaliza, iliyochapwa Kinshasa, tuliisubiri zaidi ya mwaka. Nilitaka kusoma famasia. Tangu mdogo nilipenda maduka ya dawa, ile harufu yake, zile chupa zenye majina marefu, na yule mtu wa koti jeupe anayeyajua yote. Niliomba vyuo viwili na vyote vikanikubali. Nilifurahi siku moja tu. Siku ya pili tukaanza kushuku.

Cha kwanza kilikuwa cha serikali, kule Butare. Barua yao ilikuja na orodha ndefu: cheti cha kuzaliwa, barua ya kiongozi wa mtaa, cheti cha daktari, na diploma yenyewe, iletwe na mwenye nayo. Baba aliisoma mara tatu, kidole kikifuata kila mstari.

"Haba bantu banataka kukufundisha," akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, "ao banataka kutujua?"

Cha pili kilikuwa hapa hapa Kamembe, katika ghorofa ya kupanga, bango lake bado linanuka rangi. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja hutakipata. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kwa baba kupunguziwa suruali. Alikuwa na sauti laini na Kiswahili cha Bukavu, kile kile cha kwetu, mpaka baba akazima redio amsikilize vizuri. "Papa, weye ni muntu wa kwetu," alimwambia. "Siye hatusumbuake batoto na makaratasi. Akuje tu na fotokopi yake." Baba yangu, aliyeshuku hata mganga aliyemtibu akapona, hakumshuku mtu yule. Wala mimi. Nilimpenda palepale, na nikawaza: kumbe wapo watu wanaotuamini.

Hata hivyo tulikwenda Butare, kwa sababu baba alitaka kuona kwa macho. Tulipita msitu wa Nyungwe kwa basi, yeye mkono kifuani muda wote, pale diploma yangu ilipokuwa imeshonewa ndani ya koti lake. Kwenye choo cha chuo akafumua uzi kwa wembe. Tukapanga foleni, tukafika dirishani. Mama aliyekuwa ndani alikuwa na miwani na haraka, na aliposikia Kinyarwanda changu kilivyokuwa kikijikwaa, akatabasamu. Mimi nikaona ananicheka.

Baba alimpa fotokopi. Mama akataka yenyewe. Baba akasema hiyo yenyewe haiachwi. Kisha akanitazama mimi, mwanangu, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu miaka mingi nilipenda kusema kwamba ni baba aliyeniharibia. Si kweli. Baba aliniwekea karatasi mkononi akasema, "Ni yako. Amua weye."

Niliipitisha dirishani. Yule mama akaishika kwa ncha mbili, akaiinua kwenye mwanga. Nikaona tu kile kibanda cha kizuizini, ingawa sijawahi kukiona. Nikanyoosha mikono nikaivuta karatasi kutoka vidoleni mwake.

Hakukasirika. Alivua miwani akaniambia kwa Kiswahili, "Binti, mimi pia nilitoka Bujumbura na karatasi kama hiyo. Nisipoiona, kesho mtu akiuliza kama kweli umesoma, nitakutetea kwa kitu gani?"

Nikasema moyoni: ndivyo wanavyosema wote. Tukapanda basi la kurudi. Njiani baba alikuwa na furaha, akaninunulia mahindi ya kuchoma, na mimi nilijiona mjanja kuliko wasichana wote waliobaki kwenye ile foleni.

Nikaanza kile chuo cha ghorofani. Miaka miwili nilisoma kwa bidii, usidhani nilizembea. Tulikuwa na daftari nyingi na walimu wachache, na maabara tuliyoahidiwa ilikuwa ikija kila muhula. Wanafunzi wengi walikuwa watu wa aina yetu, waliorudi kutoka ng'ambo, au Wakongomani hasa. Hilo nililiona kuwa jambo la kupendeza. Sikujiuliza mbona wenyeji hawaji.

Mwaka wa pili ulipokwisha nilikwenda kuomba mafunzo ya kazi katika duka kubwa la dawa, karibu na Gihundwe. Mwenye duka alisoma barua yangu, akaigeuza upande wa pili, akaniuliza kwa upole chuo hicho kinatambuliwa na nani. Nikarudi kwa mkurugenzi nikamuuliza. Aliniambia wenyeji wanatuonea wivu. Na mimi nikaamini! Nilikuwa tayari kuamini kwamba mji mzima unanichukia, kuliko kuamini kwamba mtu mmoja anayezungumza kama mama yangu ananidanganya.

Wiki mbili baadaye tulikuta fundi wa rangi anapaka chokaa darasa letu. Madawati yalikuwa nje. Tulipomuuliza chuo kimehamia wapi, alisema yeye ameitwa kupaka rangi tu.

Nilimkuta baba kwenye cherehani yake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliona aibu kuingia. Mguu wake ulibaki juu ya kanyagio bila kukanyaga. Kisha akasema, "Ule bwana hakutuombaka kitu."

"Hapana, Papa," nikamjibu. "Hakutuomba kitu."

Nilirudi Butare peke yangu. Dirisha lilikuwa lile lile na mama alikuwa yule yule, ila hakunikumbuka, na nilishukuru kwa hilo. Nikampa diploma yenyewe. Nakwambia ukweli, nilikuwa tayari kungojea kama baba. Akaiinua kwenye mwanga, akailinganisha na fotokopi, akagonga muhuri kwenye fotokopi, akaniandikia stakabadhi, akanirudishia karatasi yangu. Ilichukua dakika kumi. Dakika kumi, mwanangu! Hawakuwa na nia ya kukaa nayo. Walitaka kuiona tu.

Kisha akaniambia nafasi za famasia wamepewa waliomaliza karibuni, na kwa alama za mwaka wangu imebaki ualimu wa biolojia. Nililia pale pale dirishani, mbele ya foleni, mpaka akatoka nje kunishika bega.

Nikawa mwalimu. Nimefundisha Nkanka, nimefundisha Gitambi, na wanafunzi wangu wengine leo ndio wanaonitibu. Kazi ile niliipenda mwishowe. Lakini nisikudanganye: nikiingia duka la dawa nikamwona msichana amevaa koti jeupe, roho huniuma hadi leo, na huwa najifanya natafuta miwani kwenye mkoba.

Sasa nakuona na barua zako mbili. Umenionyesha kwenye simu picha za majengo ya kimoja, na ujumbe wao unaokuita "ndugu yetu". Ujumbe huo siupendi. Pengine ni watu safi kabisa, sijui, lakini siupendi. Na cha pili umenilalamikia kwamba wanakusumbua, kila wiki wanataka karatasi nyingine. Hicho kinaniudhi kidogo, ila kinaniacha nilale kwa amani.

Sikwambii uache kushuku. Watu wa kuhamahama kama sisi tukiacha kushuku tutabaki uchi. Nakuambia usimshuku mtu kwa sababu tu amekuuliza swali, wala usimwamini kwa sababu tu anaongea kama nyumbani. Mtafute aliyemaliza chuoni hapo miaka iliyopita, si yule watakayekupa wao, umuulize anafanya kazi wapi na alipokelewaje. Uliza cheti chao kinatambuliwa na nani, kisha nenda kwa huyo wanayemtaja ukamuulize vilevile. Hata mimi usiniamini upesi. Huenda ni uchungu wangu wa zamani unaozungumza. Na ukisikia moyo unakimbia, simama kwanza ujue unamkimbia nani, maana mimi siku ile nilimkimbia mtu aliyemdhulumu baba yangu kabla sijazaliwa, nikamwacha dirishani mtu aliyetaka kunitetea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe walimu wagumu na majibu ya kuwapa. Akulinde na kila anayekufungulia mlango bila kukuuliza jina. Na siku yako ya kuvaa koti jeupe ikifika, Mungu anipe uzima nije dukani kwako, unipe dawa kwa mkono wako, na mimi nikuulize maswali yote.