Msomaji wa Makaburi ya Kapata

Saa moja asubuhi, Séraphin Mulumba amepiga magoti makaburini Kapata, nje ya Kolwezi. Analaza karatasi iliyoloweshwa maji juu ya jiwe lililochakaa, kisha anaigongagonga kwa brashi ya viatu. Nyuma yake amesimama Valérie Mbuyi, kitenge mdomoni kwa ajili ya vumbi la machimbo.

Valérie ana haki ya kuwa na wasiwasi. Barabara ya malori itapita hapa mwezi ujao. Kaburi linalotambuliwa na ndugu litahamishwa; lisilotambuliwa, basi tena. Analitafuta kaburi la baba yake, Kankolongo, na hakuna jiwe lenye jina hilo.

Mulumba ni mchonga mawe ya makaburi. Ujuzi wa karatasi aliupata seminarini, alikotoka kwa sababu ya msichana, anavyokiri mwenyewe bila haya. Padri aliyewafundisha Kigiriki aliwaonyesha karatasi zilizogandamizwa juu ya mawe ya Ugiriki ya kale.

“Mon père, ule padri, alituambia, bitabu bya bale batu bingi bilipotea,” anasema Mulumba. “Sheria yabo, majina ya baaskari babo, tunabijua sababu balibichonga mu mawe.”

Karatasi imekauka. Anaibandua taratibu na kuielekeza kwenye jua.

Jiwe hili kila mtu alilisoma MBUYI, akapita zake. Mbuyi ni jina la pacha wa kwanza, na Kapata imejaa akina Mbuyi. Lakini karatasi imenasa herufi tatu zilizoliwa na mvua: SHA. Shambuyi, baba wa mapacha, ndivyo Waluba wanavyomwita mwanamume kwa heshima tangu mapacha wake wazaliwe.

Chini yake ipo matricule, namba ya mfanyakazi. Mulumba anaanza kuisoma, Valérie anaimalizia bila kutazama. Utotoni aliitaja kila alipotumwa kuchukua mgawo wa unga kwenye kampuni ya machimbo alikofanya kazi baba yake.

“Huyu njo papa yangu!” Anaketi chini, anacheka huku machozi yakimtoka. “Kila Toussaint, siku ya Batakatifu bote, nalikuwa napita hapa, naona jina yangu ku kaburi, naogopa, nakimbia!”



Mulumba anatumaini kuisoma safu yote ya makaburi kabla malori hayajafika. Kwanza, jiwe jipya. Anauliza kama achonge Kankolongo.

“Hapana, tata. Andika Shambuyi,” anajibu Valérie. “Lakini ile SHA, uingize patasi sana.”