Mwaka Ngozi Zilipozidi Maziwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nyinyi mliozaliwa hospitali mkafungwa mkononi utepe wenye siku na saa kabla hata hamjanyonya, msinicheke mapema. Someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mcheke. Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo, niliitwa nyumbani nikalee wadogo zangu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa, majira ya baridi. Tulikuwa tunakaa Jakobsberg, hapa hapa Sweden, mimi, binti yangu, mume wake, na mtoto wao wa kike. Sisi ni Warundi tuliopitia kambini Tanzania, mkwe wangu ni Mkongo. Ndiyo sababu nyumbani tunasema Kiswahili, kila mtu na chake. Mtoto alikuwa anasikia vyote na kujibu Kiswidi. Mimi nilikuwa nafanya usafi kwenye maofisi, naondoka giza, narudi giza, na magoti yangu yalikuwa yameshaanza kuniuliza tunakwenda wapi. Binti yangu alikuwa na zamu za jioni kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo jioni zile nilibaki mimi na mtoto, na mwaka wake.

Nasema mwaka wake kwa sababu shuleni kila mtoto alipewa karatasi kubwa ya manila, akaambiwa achague mwaka mmoja wa karne ya kumi na tisa, kule mwishoni. Juu aandike mambo yaliyotokea, chini aandike watu waliozaliwa. Mjukuu wangu alichukua 1891. Nilimwuliza kwa nini huo. Akasema mizuri ilikuwa imeshachukuliwa.

Basi nikala na 1891, nikalala nayo.

"Bibi, mwaka huo mwalimu mmoja Amerika alipigilia vikapu ukutani, wanafunzi wakawa wanatupia mpira. Ndiyo basketi ilivyoanza."

"Osha sufuria."

"Bibi, Warusi walianza kujenga reli ndefu kuliko zote."

"Na sufuria bado iko pale pale."

Kwenye waliozaliwa aliweka wachoraji, waandishi, wapiga muziki, kila mmoja na siku yake na mwezi wake. Picha zao alizikata na mkasi wangu wa kushonea. Nilimgombeza kwa huo mkasi.

Jioni moja akaniuliza, tena kwa Kiswahili, mpaka nikaacha kumenya viazi: "Na sisi je? Kwetu mwaka huo kulitokea nini?"

Nikamwambia ninachojua. Nikamwambia ng'ombe walikufa. Sotoka iliingia, wakafa bondeni, wakafa zizini, wakafa wa mfalme na wa maskini. Watu walikula nyama mpaka wakaichukia, kisha wakakosa cha kula. Bibi yangu mimi, mama wa mama yangu, alizaliwa katikati ya hayo. Mama yake alikuwa ameolewa kwa ng'ombe, na wazazi wake wakampa mmoja aende naye, lakini ng'ombe huyo alikufa kabla mtoto hajatoka tumboni. Kwetu zamani mtoto alibebwa mgongoni kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa siagi. Mwaka ule siagi itoke wapi? Ngozi za ng'ombe ndizo zilijaa kila ua, zikazidi maziwa. Wakambeba kwa ngozi ya ng'ombe yule yule, ngumu, inanuka. Ilimchubua pajani, na kovu lake alizeeka nalo. Nililigusa mimi mwenyewe nilipokuwa namwosha.

Mtoto alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo alizaliwa 1891."

"Mimi sijui hesabu za huko. Alizaliwa mwaka wa ng'ombe."

Mkwe wangu alikuwa mlangoni anavua viatu. Kwetu mkwe hakai akasikiliza mama mkwe wake anavyoongea mambo ya uzazi, lakini jiko la Jakobsberg ni moja, aende wapi? Akafungua kompyuta, akatafuta, akasema sotoka ilifika sehemu zetu karibu na miaka hiyo, mwanzoni mwa ile ya tisini. "Voilà, maman. Anaingia."

Basi akaingia. Mtoto alimwandika chini kabisa, na kwa vile picha hakuna, akachora ngozi.

Siku chache baadaye alirudi kutoka shule akakaa kitini na koti lake, theluji ya viatuni inayeyukia zulia langu. Nilipoona hata mimi sijamgombeza, nikajua kuna jambo.

Alikuwa amempa bibi yangu siku ya kuzaliwa. Januari mosi.

"Nani alikwambia Januari mosi?"

"Hakuna. Lakini ndiyo yetu," akasema. "Wewe ni Januari mosi. Mama, Januari mosi. Wajomba wote. Hata nusu ya watu wa kanisani."

Nilitaka kucheka, sikupata nguvu. Kambini karani alikuwa anauliza siku, watu wananyamaza, au wanasema wakati wa kuvuna maharage, naye anaandika Januari mosi na kuita anayefuata. Tukaja nayo mpaka huku. Kila mwaka mpya tunakata keki moja, tunaimbiana sote kwa pamoja, tunakwenda kulala. Mtoto amekua anaona hivyo, na hakuna aliyewahi kumweleza. Alidhani ni mila. Alidhani Mrundi huzaliwa siku hiyo, kama vile watu wengine wanavyokula samaki Ijumaa.

Darasani mwenzake mmoja alimwuliza kama Afrika nzima inazaliwa siku moja, sasa wakunga wanapumzika lini? Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka, lakini alisema mtu asiye na källa, maana yake mahali ulipomtoa, hawezi kukaa kwenye karatasi pamoja na wale wengine. Alhamisi wazazi wanakuja kutazama. Kabla ya hapo alete källa au amwondoe.

"Nikimwondoa watasema nilidanganya," mtoto akasema. "Nikimwacha watasema hivyo hivyo."

Mwaka wenyewe haukunishughulisha. Nilimwogopea mtoto. Mara ya kwanza anauliza mambo ya kwetu, na mara hiyo hiyo anaaibika. Mara ya pili hatauliza.

Jumapili baada ya kanisa nikamchukua tukaenda Rissne kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Huyo ndiye mtu pekee mwingine hapa Sweden aliyemjua bibi, na kwa umri ananizidi. Nilikuwa nimepanga vizuri kichwani. Wazee wawili wakisema neno moja, mwalimu atasema nini?

"Mwaka wa ng'ombe?" dada yangu akasema, hata chai hajamimina. "Nani kakudanganya? Bibi alizaliwa mwaka wa funza."

"Dada, na ile ngozi je?"

"Ngozi siibishii. Unadhani ngozi zilioza siku ile ile? Zilikaa. Mama yake alizaa hawezi kusimama, vidole vya miguu vimeliwa na funza. Na funza walikuja nyuma ya sotoka. Aliniambia mwenyewe."

"Na mimi aliniambia mwenyewe."

"Wewe? Ulikuwa unamsikiliza au ulikuwa unamdokolea ndizi?"

"Nilikuwa namwosha!"

"Ulimwosha akiwa hajui kama ni asubuhi au jioni. Mimi nilimjua akiwa na meno."

Mtoto alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Nikageukia Kirundi, nikamsihi dada yangu akubali tu, mtoto ana shida shuleni. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aibe sadaka.

"Kwa hiyo bibi yetu tumzae upya," akasema, "ili mwalimu afurahi?"

Tulirudi kwa basi. Nilikuwa nimechoka mpaka meno. Mtoto aliegemea dirisha na kofia yake ikamshukia machoni, hakuipandisha.

"Basi namwondoa," akasema kwa Kiswidi.

Nilikuwa namfikiria dada yangu. Majira yale yote ya baridi alikuwa mtu wa kukaa na blanketi, ukimpigia simu anajibu ndiyo na hapana. Leo alisimama katikati ya jiko, uso umewaka, anapiga meza kwa ajili ya siku aliyotoka tumboni mtu aliyekufa zamani. Na mimi nilipiga meza pia. Wale wachoraji wa kwenye manila, nani anawapigia meza? Wao wameshaandikwa, kitabu kimefungwa, kila mtu amekwenda zake.

Nyumbani nikamwambia alete ile manila na kifutio. Tukafuta Januari mosi, karatasi ikachubuka kidogo. Akataka kuifuta na 1891. Nikamwambia aiache, aweke alama ya kuuliza mbele yake, kisha aandike: mmoja anasema mwaka wa ng'ombe, mwingine anasema mwaka wa funza, na wote wawili walimjua. Akaandika kwa Kiswidi, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Na källa?"

"Andika ziko mbili. Moja inakaa Jakobsberg, moja inakaa Rissne."

"Bibi, hatakubali. Na wao watacheka tena."

"Wacheke na mimi niko pale."

Akaniangalia kuona kama natania. Mimi si mtu wa kutania na anajua. Akachukua kalamu akaandika.

Binti yangu aliporudi kutoka zamuni nikawaita wote jikoni, hata koti sikumruhusu avue. Alianza kusema amechoka. Nikamwambia nani hajachoka humu ndani, kaa. Kisha nikawaambia hivi:

"Alhamisi hakuna anayekwenda zamu. Wewe mkwe wangu, utamfuata dada yangu Rissne. Akikataa mwambie nimesema yeye ni mwongo, atakutangulia kwenye gari. Sote tutasimama pale kando ya manila, na mwalimu akitaka kuuliza atatuuliza sisi. Mtoto atatafsiri kila neno, pamoja na matusi. Na tukianza kubishana, asitokee mtu wa kutuamua."