Fundi Soka na Moto Uliolala

Fundi Soka alikuwa na desturi iliyowachekesha watu wa mtaa wetu wa Arua. Ukimletea redio iliyonyamaza, hakushika bisibisi kwanza. Aliipakata, akaegemea ukuta, akafumba macho. Wageni walidhani amelala, na mara nyingine alikuwa amelala kweli. Kisha aliamka taratibu na kusema, "Hii iko na waya imekatika, upande ya kushoto." Akifungua, waya ulikuwa hapo. Mimi nilitengeneza baiskeli pembeni yake, chini ya mabati yale yale, kwa hiyo nilimtazama akiota miaka mingi.

Alizaliwa Abuku, Koboko, mtoto wa askari. Mwaka wa 1979, jeshi lilipovunjika, wazazi wake walivuka mpaka kuingia Zaire na godoro, kuku na redio. Godoro liliibwa, kuku waliliwa, redio ikabaki. Nayo ilipoacha kusema, fundi mmoja wa kule aliifungua mbele ya Soka. Baadaye Soka aliniambia kwamba alipoona vile vipande vya rangi vimepangwa mistari, alifikiri anatazama mji kutoka juu ya kilima, mji ambao hakuna mtu aliyewahi kuukimbia. Nadhani sehemu yake moja ilibaki katika mji ule.

Mkewe, Rosa Kiden, alikuwa mpiga chapa. Meza yake ilikuwa barazani mwa Soka, na taipureta yake nyeusi ilisikika mpaka sokoni, tak-tak-tak, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Aliandika barua za kuomba kazi, kesi za mashamba na kadi za harusi. Soka alisinzia vizuri zaidi sauti ile ikiwepo. Lakini kufikia mwaka wa 1996, vidole vya Rosa vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Vitufe vya taipureta vilitaka nguvu, na vile vya pembeni, vinavyopigwa na kidole cha mwisho, vilimtoa machozi.

"Baba Viola," alimwambia mumewe siku moja, "hii A imekuwa jiwe. Viola ameniita nikae naye Koboko. Nitalima karanga."

"Kidole inakataa A, itakubali jembe?"

"Jembe haina A."

Nilicheka. Soka hakucheka. Siku ile alikaa na redio ya mtu mapajani, macho wazi.

Wiki hiyo hiyo alikuja Paulino Lukudu, mkimbizi wa Sudan aliyeendesha pikapu na kubebea maofisi mizigo. Ofisi moja ilikuwa imepata kompyuta mpya na kumpa zile za zamani, tatu, zote zimekufa, pamoja na printa moja nzima ya kuchapa karatasi.

"Vitufe vyake laini, fundi," Paulino alisema. "Mutu anagusa tu, kama anagusa mtoto amelala."

Kwa neno hilo Soka alizichukua zote. Alitandika mkeka, akazifungua, akatandaza viungo vyao kama samaki wa kuanikwa. Aliazimia kutoa kompyuta moja hai katika maiti tatu. Alichagua kwa pua na masikio. Bodi iliyonuka kuungua aliiweka kando, na ile ambayo vikebe vyake vidogo vilikuwa vimevimba kichwani, kando pia. Diski alizitikisa sikioni moja moja na kuchukua ile isiyokwaruza. Kioo kimoja kilikuwa kikubwa, cha rangi. Kingine kilikuwa kidogo, chenye maandishi ya kijani tu. Alichukua kikubwa, maana alitaka Rosa atazame kitu kizuri.

Kibodi hakuichagua yeye. Alimwita Rosa aketi, afumbe macho, aweke vidole.

"Hii inajibu kama mama mkwe," Rosa alisema juu ya ya kwanza. Ya pili, "Hii inazama, hairudi." Ikaja ya tatu. Vidole vyake vilitembea polepole, kama kuku juu ya mtama ulioanikwa. "Hii," alisema, na hakufumbua macho haraka.

Kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza ililia tu, mlio mrefu, ukarudia. Paulino alikumbuka kwamba ofisini ikilia hivyo walikuwa wakichomoa kile kipande cha kumbukumbu, kinachoitwa RAM.

"Ramathan?" Rosa aliuliza. "Ndiyo maana haitaki kula mchana."

Kweli haikula mchana, kwa sababu moto wa mji, ndivyo tunavyouita umeme, ulikuja jioni tu, kutoka kwa jenereta. Soka alikichomoa kipande kile, akasugua meno yake ya chuma kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, akakirudisha. Kilio kikaisha. Lakini feni ilizunguka kidogo, ikasita, ikalala. Alipojaribu tena ilikuwa vile vile.

Watu wa Arua hatukupima moto kwa mashine, tulitazama rangi ya balbu. Ikiwa nyeupe, moto uko macho. Ikiwa nyekundu kama jicho la mgonjwa, moto umelala. Jioni ile balbu ilikuwa nyekundu.

"Moto iko?" niliuliza.

"Iko. Lakini imelala."

Nyuma ya kompyuta kulikuwa na swichi ndogo yenye namba mbili, 230 upande mmoja na 115 upande wa pili. Soka aliitazama sana. Moto umekuwa mdogo, alisema, basi tuuchagulie namba ndogo, kama mgonjwa anavyopewa kijiko kidogo. Akaisukuma ikae 115.

Kioo kikafunguka, kikubwa, cha buluu, na baraza lote likawa kama chini ya maji. Rosa akaketi. Aliandika jina lake, la mama yake, na majina ya vijito vya nyumbani kwao. Hakukuwa na tak-tak-tak, ila mnong'ono mdogo tu. Soka aliegemea ukuta, na niliona kope zake zikishuka.

Ndipo mashine ya kusaga unga jirani ikazimwa, kama kila jioni. Moto iliokuwa ikiula ukaturudia sisi. Balbu ikawa nyeupe pe! Ndani ya kompyuta kukapasuka kitu, moshi ukatoka, kioo kikafa na majina yote.

Rosa aliondoa vidole, akavikunja mapajani.

"Basi," alisema. "Paulino atanipeleka Jumamosi."

Siku zilizobaki Soka hakupokea redio ya mtu. Alipakata lile sanduku la chuma lililopasuka, ambalo kazi yake ilikuwa kuupokea moto wa mji na kuigawia kompyuta, na akafumba macho. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anatembea katika mji wake. Aliporudi aliniambia kwamba ndani ya kompyuta hakuna kinachokula moto wa mji. Sanduku linaupunguza kwanza, linatoa volti kumi na mbili, na tano.

"Kumi na mbili ni betri ya gari," alisema. "Moto ya mji ni ya watu wote, wanaivuta huku na huku. Hii inataka moto yake yenyewe."

Ile tano aliipata kwa kuipunguza kumi na mbili, kwa transista nene za amplifaya iliyokufa. Zilipata joto kali, kwa hiyo alizifunga chini ya sufuria ya Rosa na kuitia maji, yanywe joto hilo. Kile kioo kikubwa kilitaka moto wa mji, akakiweka kando. Alifungua kile kidogo cha kijani alichokidharau, akakuta kinakula kumi na mbili, kama televisheni ndogo za betri. Kikabaki kitu kimoja. Betri yake mwenyewe ilikuwa imekufa zamani.

Jumamosi asubuhi Paulino alifika. Tulipakia godoro, masanduku na vyombo, isipokuwa sufuria moja. Rosa aliketi mbele, mkoba magotini.

"Paulino," Soka alisema, "nipe betri kidogo."

"Betri ya gari? Na mama nitampeleka na nini, na mabega?"

"Mpe," Rosa alisema bila kugeuka. "Acha aote ya mwisho."

Soka aliunganisha nyaya. Feni ikazunguka na haikusita. Kwenye kioo kidogo yakatokea maandishi ya kijani, kijani cha mtama mchanga. Hakumwita mkewe. Alikaa tu.

Akaja Madina, muuza vitambaa kutoka Koboko. "Rosa, unaenda? Na barua yangu ya kuomba kibanda?"

Rosa alitazama barabara. Kisha akashuka. "Hii moja tu," alisema.

Akaketi, akaweka kidole cha mwisho juu ya A. Niliona akingoja maumivu, na maumivu hayakuja. Akaiandika barua mpaka chini, akamuuliza Madina kama hana lingine la kusema, na Madina hakukosa la kusema. Jua likapanda. Sufuria ikaanza kutoa mvuke.

"Baba Viola, maji yako imepata moto."

"Tia majani."

Tukanywa chai ile. Madina aliambiwa arudi jioni, printa itachapa moto wa mji ukiamka. Paulino alirudisha betri yake, akawasha, gari likakohoa tu.

"Imenyonywa," alisema. "Sukumeni."

"Toeni godoro kwanza," Rosa alisema. "Inaongeza uzito."

Tukatoa godoro, tukatoa masanduku na vyombo, tukasukuma mpaka mteremkoni. Injini ikawaka, pikapu likaenda zake Koboko likiwa tupu. Niliporudi nikifuta jasho, Rosa alikuwa bado mbele ya kioo kilichozimika, vidole juu ya kibodi, akivitembeza bila kuandika kitu.

"Baba Viola," alisema, "kesho betri itatoka wapi?"

Soka alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa.