Yoga Kabla ya Kivuko cha Mwisho

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha kidato cha nne juu yake, kwamba mtu akifanya yoga akalala chali na kufumba macho, roho humtoka. Hafi, hapana. Roho inatembea tu. Mwenzangu wa kiwandani kule Nyakato, tuliyekuwa tukipanga naye sabuni kwenye maboksi, alinihakikishia kwamba jamaa mmoja wa Igogo aliifanya jioni sebuleni kwake, roho ikavuka ziwa hadi Kamanga kushangaa shangaa, ikachelewa kivuko cha mwisho.

"Ikalala huko huko," aliniambia. "Mwili ukabaki kwenye mkeka siku tatu. Uji anakunywa, lakini wanawe wakimpa shikamoo, marahaba haitoki."

"Siku ya nne je?"

"Kivuko cha asubuhi! Akaamka anauliza nani kavaa viatu vyake."

Msinicheke. Masomo ya jioni niliyasoma miaka minne baada ya kazi, nikisinzia juu ya vitabu mpaka maandishi yakahamia kwenye paji la uso. Moyo niliuchora na mishipa yake yote. Roho haikuwa kwenye mtaala.

Hadithi ile ingeishia kiwandani kama si mgongo wa mke wangu. Baada ya kumzaa kitindamimba wetu, mgongo ulimkaza akawa anainuka kitandani kwa awamu kumi na mbili. Hospitali wakamkataza kumbeba mtoto mgongoni. Na huyu ni mama aliyebeba watoto watatu mgongoni huku akiuza nyanya. Mbeleko kwake ni kama mkono wa tatu. Sasa mtoto akilia anampakata akiwa amekaa, na jicho lake linakwenda kwenye ile mbeleko iliyokunjwa juu ya kabati. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali akamfundisha yoga ya polepole: kupiga magoti na viganja chini, kuukunja mgongo na kuulegeza kama paka, kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka, kila kitu kwa kufuata pumzi. Na mwisho, akasisitiza, kulala chali, macho yamefumbwa, dakika kumi.

Hapo nikaikumbuka ile roho ya Kamanga.

Nikatunga sheria: yoga ni asubuhi tu, vivuko vingali vingi. Mke wangu alidhani ni kwa ajili ya hewa safi. Mtoto akiwa bado amelala, mama yake alitandika mkeka sebuleni, nami nikakaa kwenye stuli miguuni pake kama askari wa benki. Alipolala chali, dakika ya pili tu nikaona kifua kinapanda taratibu mno. Nikamfinya kidole gumba cha mguu.

"Nini wewe?"

"Nzi."

Kesho yake nikaangusha sufuria. Keshokutwa nikakohoa kikohozi cha kuamsha kisiwa kizima cha Ukerewe.

Mwezi ulipoisha tukarudi hospitali. Yule dada akambonyeza kiunoni, akatikisa kichwa.

"Mama, bado umekaza sana. Zile dakika kumi za mwisho unazipata?"

"Naanza vizuri, dada yangu. Lakini nyumba yangu ina nzi."

"Usipopumzika, mgongo hauachii. Mbeleko isubiri mwezi mwingine."

Mke wangu akasema "sawa" kwa sauti ndogo. Njia nzima mtoto nilimbeba mimi, naye alitembea pembeni ameshika mguu wa mtoto, kama mtu anayeogopa kuporwa.

Asubuhi iliyofuata sikuwa na moyo wa kumwamsha tena, wala wa kumwacha aende peke yake. Nikapata suluhisho la kisomi: nikatandika mkeka wa pili.

"Na wewe unaumwa?"

"Nakusindikiza."

Kwenye paka, magoti yangu yalilia kama mlango wa stoo. Kwenye kuinama, tumbo lilifika chini nusu saa kabla ya paji la uso. Ilipofika zamu ya kulala chali, nikamshika mkono, nikaukaza. Kama ni kwenda, twende wote. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Kiganja chake kikalegea ndani ya changu, kikawa cha moto na kizito, na mimi sikukifinya.

Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ni yeye aliyeniamsha mimi. Safari iliyofuata yule dada akambonyeza, akatabasamu, akamwambia aanze kubeba kidogo kidogo.

Kesho yake nilipofumbua macho nilimwona amesimama mlangoni, mbeleko imefungwa, mtoto amelaza shavu katikati ya mgongo wake. Alikuwa anayumba taratibu bila kujua kwamba anayumba. Nikakiri yote: Kamanga, sufuria, nzi ambao hawakuwahi kuwepo.

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Halafu akanitazama kwa huruma.

"Baba watoto, hakuna kinachotoka. Mtu akilala chali akafumba macho, anapumzika. Wengine, kama wewe, wanakoroma. Basi."